Rodi Nilizoanika Kwenye Ukungu

Nianze na ujinga wangu, ili hata mkiacha katikati muwe mmecheka kidogo. Mwaka huu huu, mzee mzima mwenye miwani ya kusomea na nyingine ya kutafutia ile ya kwanza, nilibeba rodi za kuchomelea kutoka Voi hadi Chawia. Zilikuwa zimeokwa vizuri, zimefungwa ndani ya mfuko wa mkate, zina joto bado. Nilipofika nyumbani kwa dada yangu nikafungua mfuko, nikazipanga moja moja kwenye dirisha lililo wazi ili nisizisahau asubuhi. Halafu nikalala, na kukoroma nikakoroma. Ukungu wa Chawia ukaingia kwa dirisha lile, ukakaa na rodi zangu mpaka kulipokucha.

Kama hujaona kosa liko wapi, usijali, utaliona. Kama umeliona, basi ujue kwamba mtu aliyelifanya ndiye aliyekuwa akiwafukuza vijana karakanani kwa kuacha rodi wazi karibu na sinki.

Sasa niwaeleze vizuri, nyinyi mlio vyuoni na nyinyi mnaojifunza kando ya barabara huku mkilamba vumbi la malori. Rodi ya kuchomelea boila, ile ya namba 7018, imevikwa unga mgumu kwa nje. Unga huo unapenda maji. Haungoji mvua, hewa yenye unyevu inautosha. Ukiichoma rodi hiyo, maji yanaingia kwenye chuma kilichoyeyuka, na chuma kikishapoa kinapasuka polepole kwa ndani, pengine kesho yake, wakati wewe umeshanawa mikono na kusifiwa. Ndiyo maana tunazioka.

Lakini mimi ni mtu wa Kaloleni, hapa Voi. Nilizaliwa milimani, kweli, ila karibu maisha yangu yote ya kazi yamepita huku chini, mahali ambapo kitambaa cha vyombo hukauka kabla hujamaliza kukikamua. Hapa ukisahau rodi mezani wiki nzima, unaikuta ilivyokuwa. Joto la Voi linamdekeza fundi. Linamfanya ajione ana akili, kumbe ni hali ya hewa tu.

Tena mimi ni mtu wa kiti. Nikitoka nje ya geti napata hamu ya kurudi. Niliwahi kukataa kazi nzuri Taveta kwa sababu ningelala huko siku mbili, na mto wa kitanda changu haukuwa tayari kuachwa. Kwa hiyo kunitoa Kaloleni hadi Chawia kunahitaji sababu nzito. Sababu ilikuwa Mghoi.

Mghoi ni dada yangu, kitinda mimba wetu. Mumewe alifariki zamani. Yeye ndiye mtu wa boila katika shule moja ya bweni ya wasichana huko Chawia. Anawasha kuni alfajiri, anaangalia geji ya presha, anapeleka mvuke jikoni, na ugali wa shule nzima unaiva kwa mvuke huo. Hana kazi nyingine, na hajasomea nyingine. Boila ikiwaka, Mghoi ana kazi. Boila ikizimwa kabisa, Mghoi anarudi nyumbani akae na mahindi yake kwenye kipande cha shamba kisichotosha hata kumzika vizuri. Hilo lilikuwa wazi kwa kila mtu, na kwake zaidi.

Miaka yote ikivuja nilipanda kuichomelea nikashuka siku hiyohiyo, na safari hii pia akanipigia simu.

“Kaka, inatoa machozi tena.”

“Wapi?”

“Palepale kwenye uso wake, lile bamba linaloshika mabomba. Mwakio ameichomelea juzi na ile mashine yake ya waya. Tukaijaza maji, ikalia.”

“Na mashine ya waya!” nikasema, na nikiri kwamba nilifurahi. Nilifurahi kama mtu aliyesikia mpinzani wake ameteleza kanisani.

Mwakio nilimfundisha mimi. Sasa ana karakana yake Miasenyi, pale kwenye barabara kuu, anatengeneza bodi za malori na matrela. Ni fundi mzuri, na huko nyuma nilikuwa nikisema hivyo mbele ya watu. Kisha akanunua mashine ya MIG, ile inayosukuma waya wenyewe huku mtungi wa gesi ukipuliza kuulinda moto, nami nikaacha kusema. Hana kosa. Mimi nilikuwa mtu wa rodi, na mtu akiletewa kitu kinachofanya kazi yake haraka kuliko yeye, huwa anaanza kuzungumza sana juu ya ubora.

Jioni hiyo Mwakio naye alinipigia. “Mzee, Mghoi amesema unakuja. Njoo, lakini nikwambie, shida si waya wangu. Lile bamba lenyewe limechoka.”

“Fundi akishindwa, chuma kimechoka,” nikamjibu. “Nangoja siku nisikie chuma kimeomba likizo.”

Akacheka kwa heshima. Kile kicheko nimekikumbuka mara nyingi.

Mnisamehe nikiruka hapa na pale. Nataka niwaambie jambo la waya na rodi, maana najua ndilo mlilonifuata. Kila kijana anayekuja kunitembelea ananiuliza, “Mzee, boila niitengeneze na MIG au na rodi?” Ananiuliza kama anayeuliza ataoa nani.

MIG si mchezo wa watoto. Waya unakwenda bila kusimama, hakuna gamba la taka la kugonga, mshono unatoka laini kama uliopakwa siagi. Ndani ya kiwanda, mashine ikiwa kubwa na milango imefungwa, ni kazi safi. Lakini boila mbovu haiji kiwandani, wewe ndiye unayeifuata ilipo. Unaikuta imeegemea ukuta, kumebana, kunavuja, na upepo unapita. Gesi ya MIG inachukia upepo. Nilijaribu mashine ya Mwakio hapa Voi mwezi wa nane, upepo ukitoka upande wa mbuga, na mshono wangu ukatoka na matundu kama mandazi. Mwakio akauangalia akaniuliza kama nilitaka aniletee chai ya kushushia.

Jambo la pili, na hili mlishike: zile mashine ndogo za MIG tunazomudu sisi zinapendeza juu na kudanganya chini. Waya unalala juu ya bamba nene bila kuingia ndani. Jicho linasema kumeshika, kumbe kumekaa tu. Rodi ni chafu, ina moshi, inakatika kila dakika, lakini inachimba. Ukiiendesha vibaya inakuonyesha papo hapo kwamba umeiendesha vibaya. Haina adabu, na kwa boila mimi napenda kisicho na adabu.

Ila rodi nayo inachukia unyevu, kama mlivyoona dirishani. Kwa hiyo huku chini upepo unaiharibia MIG, kule juu ukungu unaiharibia rodi, na fundi wa Taita Taveta anapanda na kushuka akifikiri ana kitu cha kuchagua.

Aliyenifundisha rodi alikuwa Mzee Hamisi, mtu wa pwani, mpole, mwenye Kiswahili cha kukufanya ujione hujasoma. Alikuwa na friji bovu karakanani. Ndani hakukuwa na kitu ila balbu inayowaka mchana na usiku, na rodi zimelala pembeni yake zinaota moto. Mgeni mmoja aliwahi kutia soda zake humo kwa siri. Alipozirudia alikuta zimekuwa chai. Mzee Hamisi akamwambia, “Bwana, friji langu lina homa, usilitie vinywaji.” Alinifundisha kuchukua rodi mbili na kuzigonganisha taratibu sikioni. Zikiwa kavu zinalia kwa sauti kali, ya chuma. Zikiwa na maji zinatoa sauti nzito, kama vijiti. Mafundi wengi mnapima kila kitu siku hizi isipokuwa hilo.

Nilipoanza kufanya kazi peke yangu nilirithi friji lile. Bado liko uani kwangu, limeegemea ukuta wa jirani yangu Mama Ndunge. Mama Ndunge ni Mkamba aliyehamia Voi zamani, anaoka mikate ya kuuza, na oveni yake ina moto kuliko friji langu. Rodi za kazi kubwa humpelekea yeye. Zinaingia baada ya mkate wa mwisho kutoka, zinakaa mpaka oveni ipoe. Siku ile ya kwenda Chawia ndiye aliyezifunga kwenye mfuko wake wa mkate.

“Baba Mkamburi,” akaniambia, akitumia jina la binti yangu kama kawaida yake, “usifungue mpaka ufike kwa kazi.”

“Mama, hii kazi nimeifanya kabla wewe hujajua kukanda unga.”

“Sawa. Usifungue.”

Nikafungua. Hilo mmeshalisikia.

Asubuhi tukateremka shuleni, mimi na Mghoi. Alitembea mbele na koleo lake begani, akinieleza njia nzima jinsi boila ile inavyoringa siku za baridi, inavyotaka kuni za mkaratusi na si takataka, inavyokohoa kabla ya kupandisha presha. Anaizungumzia kama mtu anayesema juu ya mama mkwe aliyemzoea. Mlangoni tukamkuta Mwakio na mashine yake. Alikuwa ametundika turubai kuzuia hewa. Nililiona turubai lile, na kwa haki yake niseme, lilitundikwa vizuri.

“Karibu, Fundi,” akasema. “Nimekuwekea kiti.”

“Kiti cha nini?”

“Cha kuketi ukinisengenya.”

Nikachukua grinda nikaukata mshono wake. Ulikuwa mzuri kuutazama. Nusu yake ilikuwa imeshika barabara. Nusu ya pili ilibanduka kama gamba la kidonda, na chini yake chuma cha zamani kikaonekana hakijaguswa. Nilikiinua kile kipande mbele ya macho yake, nikakigeuzageuza. Mungu anisamehe jinsi nilivyokigeuzageuza.

“Nimekiona, Mzee,” akasema Mwakio. “Sasa nusu iliyoshika mbona nayo ililia?”

Nikaiwasha grinda tena. Nilikuwa naandaa ushindi.

Nilifanya kila kitu kama inavyotakiwa. Nilitoboa tundu dogo kila mwisho wa ufa ili usiendelee kutembea. Nilichimba ufa ukawa na umbo la mfereji. Nilipasha bamba moto mpaka mate yakaruka juu yake. Nikavaa kofia ya kuchomelea, nikachukua rodi ya kwanza, nikaigusisha. Ikapasuka pasuka kama bisi. Nikachukua ya pili. Ikafanya vilevile. Nikagonganisha mbili sikioni kama Mzee Hamisi alivyonifundisha, nikasikia vijiti.

“Zimelala wapi hizo?” Mwakio akauliza.

Mghoi akajibu kabla sijatunga kitu. “Kwa dirisha. Nilifikiri ni dawa ya mbu.”

Walicheka mpaka Mwakio akashika ukuta. Nami nilicheka, kwa sababu hakukuwa na kitu kingine cha kufanya na uso wangu. Ilibidi tuzitandaze juu ya bati kwenye mdomo wa tanuri la jikoni tungoje zikauke, na hata hapo nilijua si kukauka kwa kweli. Kwa nusu nzima ya siku hiyo tulikuwa na raha. Nawaambia kuhusu raha hiyo kwa sababu ndiyo ya mwisho katika habari hii.

Rodi zilipolia vizuri nikachomelea. Jicho lilitoa machozi, lakini mshono ukakaa. Mwakio mwenyewe alisema umekaa. Tukajaza boila maji baridi, tukaanza kusukuma kwa pampu ya mkono. Vijana, boila ijaribiwe kwa maji, kamwe si kwa hewa wala kwa mvuke. Maji yakishindwa yanatiririka. Hewa ikishindwa inalipuka, inachukua watu. Geji ikapanda taratibu. Mshono wangu ukabaki mkavu. Nikamtazama Mwakio. Nilitaka anitazame.

Yeye hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anatazama upande wa kulia wa mshono, mbali nao kidogo, kwenye bamba ambalo hakuna aliyeligusa siku hiyo. Mstari mwembamba wa maji ulikuwa umejitokeza hapo. Tukasukuma kidogo tena. Wa pili ukatoka juu yake. Kisha mmoja kushoto.

Nikachukua nyundo ndogo nikagonga bamba kutoka juu kwenda chini. Chuma kizima hujibu. Hiki kilinyamaza kama mtu anayejifanya amelala. Nikatoboa tundu jembamba pembeni kupima unene. Drili iliingia kabla sijaegemea. Kutu ilikuwa imekula bamba kwa upande wa maji, mahali ambapo hakuna jicho linalofika, na sisi kwa upande wa moto tulikuwa tukishona nguo ambayo kitambaa chake kimekwisha. Kila mshono mpya ukipoa ulikuwa unavuta kilichobaki na kukipasua. Wa waya ulivuta. Wa rodi ulivuta. Wangu, uliokaa vizuri kuliko yote, ulivuta kuliko yote.

Mwakio alikuwa ameniambia kwa simu, nami nikamjibu kwa mzaha. Nilipanda mlima kwenda kuamua kati ya waya na rodi, wakati boila ilikuwa haiulizi hilo.

“Tunaweza kukata tuweke kiraka kikubwa,” Mwakio akasema polepole. Alimwangalia Mghoi alipokuwa akisema. Alisema kwa ajili yake.

“Kiraka tutakishikisha na nini?”

Akaanza kukunja kebo ya mashine yake.

Mghoi aliweka koleo chini. “Mniambie tu kama itamaliza muhula. Sitaki zaidi. Nitaiwasha taratibu. Sitaipandisha presha. Mimi naijua.”

“Mghoi.”

“Si ulisema mshono wako uko sawa? Nimekusikia ukisema.”

“Mshono uko sawa. Bamba ndilo halipo.”

“Kwa hiyo itamaliza muhula ama haimalizi?”

Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize, wanangu, kwa sababu hakuna chuo kitakachowafundisha. Ningeweza kusema itamaliza. Inspekta wa boila wa serikali angekuja siku yake, pengine angeona, pengine asingeona. Ningerudi Kaloleni nikakaa kwenye kiti changu. Lakini anayesimama mbele ya mlango wa moto kila alfajiri ni Mghoi, uso wake ukiwa mbali na bamba lile kiasi cha mkono. Nikamwambia asiiwashe tena. Kisha nikaenda ofisini nikamwambia mwalimu mkuu maneno hayohayo, kwa sababu nilijua nikimwachia Mghoi peke yake ataiwasha.

Mwalimu mkuu ni mama msikivu. Aliuliza mara mbili kama nina hakika, akamuuliza Mwakio pia, Mwakio akasema ndiyo. Akashukuru. Boila ikafungwa siku hiyo. Nikimsikiliza akizungumza habari ya sufuria kubwa na kuni, halafu mbeleni majiko ya gesi, nilijua hakuna mahali katika mipango ile palipohitaji mtu wa kuangalia geji.

Tuliporudi nyumbani Mghoi alinipikia. Aliweka chakula mezani, akakaa, hakula. “Miaka yote umeitengeneza,” akasema. “Kila ikilia unakuja, inanyamaza. Leo umekuja kuiua.” Asubuhi hakunisindikiza. Mwakio ndiye aliyenibebea vifaa, na njiani kote hakunitania hata mara moja. Afadhali angenitania.

Barua ya shule ya kumwachisha kazi ilimfikia Mghoi kabla muhula haujaisha. Nilisikia kwa watu. Nimempigia, simu inaita mpaka inakata.

Basi hayo ndiyo ninayojua kuhusu MIG na rodi. Gongeni bamba kabla ya kufungua mashine yoyote. Toboeni, pimeni unene, ndipo mbishane. Na fundi mdogo kwako akisema chuma kimechoka, acha kuchekesha watu. Ningependa kuwaambia kwamba ukifanya hivyo mambo yatakuwa mazuri, lakini mimi nilipopima hatimaye nikasema kweli, na kweli ile haikumpa mtu yeyote chakula. Mwakio anasema karakana yake sasa haichukui boila kabisa. Mzee Hamisi hayupo. Macho yangu yamebaki ya kutazama ukuta wa jirani.

Rodi zilizosalia nilirudi nazo. Kila Jumamosi nazipeleka kwa Mama Ndunge azioke, kisha nazirudisha kwenye friji lenye balbu. Hakuna ninachochomelea. Jumamosi iliyopita nilikuwa nimekaa kwenye kigoda chake karibu na oveni, simu mkononi, nikamwambia kwamba huenda Mghoi atapiga wikendi hii, maana ni kawaida yake kupiga wikendi. Mama Ndunge alikuwa anapanga mikate kwenye kreti. Hakugeuka.

“Usingoje simu, Baba Mkamburi,” akasema. “Ningekuwa Mghoi hata mimi singekupigia. Sasa toa hizo chuma zako kwa oveni yangu, watu wanangoja mkate.”